Dalali ni mwonyeshaji njia, asigeuke mfichaji

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na misafara ya biashara akiwa amekabidhiwa mali za watu, na watu wa mji wake wakamjua kwa jina la Mwaminifu.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo tumeona tuzungumzie jambo lisilosikika sana katika hotuba zetu za Ijumaa, ingawa limebeba riziki za nyumba nyingi. Nalo ni mikataba baina ya madalali wa mizigo na wenye malori.

Ijumaa moja tulikuwa mjini Same. Baada ya swala tulikaa barazani pa msikiti, na mtu mmoja wa makamo akatujia akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na karatasi nne zilizochapwa kwa Kiingereza, na chini ya kila karatasi palikuwa na sahihi yake. Mtu huyu ana lori moja tu. Alilinunua kwa kiinua mgongo chake na kwa mkopo wa benki, na nyumba ya familia iliyoko milimani ndiyo iliyowekwa rehani. Siku hiyo lori lilikuwa limeegeshwa kwa siku ya kumi na saba kwa kukosa matairi, ilhali ujira wa safari tano alizokwisha kuzimaliza ulikuwa bado mikononi mwa dalali.

"Ustadhi," alituambia, "nimemdai, naye amenijibu kwa aya. Ameniambia Mwenyezi Mungu ameamrisha mikataba itimizwe, na mimi nimetia sahihi. Nataka nijue, je, dini iko upande wake?"

Swali lile lilitunyamazisha kwa muda. Dalali anayesemwa ni Muislamu, na huenda siku ile alisimama safu moja na huyu anayemdai. Aya aliyoitaja ni ya kweli, ni aya ya kwanza ya Sura Al-Maida. Kwa hiyo haifai kumjibu mtu huyu kwa huruma peke yake. Yafaa kwanza tuitazame biashara yenyewe, kisha karatasi zile, kisha tuyapime yote kwa mizani ya haki.

JIWE LA MAKANYA NA TANGAWIZI YA MILIMANI

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Moshi, akishapita Mombo na Hedaru, huiona milima ya Upare imesimama mkono wake wa kulia kama ukuta, na kushoto kwake ni tambarare kavu ya miiba na mikonge. Hapo Makanya, kabla ya kufika Same mjini, ardhi hutoa jasi. Wachimbaji huichimba jiwe kwa jiwe, na malori huipeleka katika viwanda vya saruji, kwa kuwa saruji isiyotiwa jasi hugandamana upesi mno kabla fundi hajamaliza kazi yake. Basi ukuta wa nyumba ya mtu wa Tanga au Dar es Salaam huenda una chembe ya udongo wa Same ndani yake.

Upande wa pili wa milima, ule unaotazama Mkomazi, ndiko iliko Mamba Miamba na mashamba yake ya tangawizi. Huko malori hushuka kwa gia nzito katika kona za udongo mwekundu, na mvua za masika zikinyesha njia huteleza au hukatika kabisa. Watu wa Same hawajasahau maporomoko ya udongo ya Novemba 2009 katika kijiji cha Goha, yaliyowafukia wanakijiji majumbani mwao. Tunayataja ili ifahamike kwamba katika nchi hii gari kuchelewa si lazima uwe uzembe wa dereva.

Kiwanda kikubwa hakipendi kushughulika na watu hamsini wenye lori mojamoja. Hutaka mtu mmoja wa kumpigia simu, atakayeleta malori kumi leo na ishirini kesho. Na mwenye lori moja hana ofisi wala hajulikani kiwandani. Hapo katikati ndipo anapoingia dalali. Tunasema wazi kwamba kazi hiyo ni halali na ina manufaa. Lori linalorudi tupu kutoka pwani ni hasara kwa mwenye lori na kwa nchi, na mtu anayelipatia mzigo wa kurudi nao anastahili ujira wake. Wapo madalali waaminifu ambao wenye malori huwaombea dua. Maneno yetu ya leo hayawahusu hao ila kwa kuwapongeza.

YALIYOMO NDANI YA BAHASHA

Tulizisoma karatasi zile nne polepole, tukimfasiria mwenyewe sharti baada ya sharti. Mambo matano yalitushtua, na baadaye tuliambiwa na wenye malori wengine kwamba karatasi zao hazitofautiani sana na hizo.

Kwanza, mwenye lori alikatazwa kumuuliza mwenye mzigo amelipa kiasi gani, na dalali alipewa ruhusa ya kubadili bei ya ubebaji wakati wowote kwa taarifa yake mwenyewe.

Pili, ujira ungelipwa "dalali atakapolipwa na mteja wake". Hapakuwa na tarehe. Mteja akichelewa miezi mitatu, mwenye lori naye angoje miezi mitatu. Mteja asipolipa kabisa, karatasi haikusema lolote.

Tatu, upungufu wowote wa uzito baina ya mahali pa kupakilia na mahali pa kushushia ungekatwa katika ujira kwa bei ya bidhaa, bila kuuliza sababu. Na kila mkulima wa Mamba anajua kwamba tangawizi mbichi hukauka njiani na kupungua uzito bila ya mtu kuichukua hata kidole kimoja. Jasi iliyopakiwa ikiwa imenyeshewa nayo hushuka uzito inapokauka.

Nne, faini ya mizani na adhabu ya kuchelewa vilikuwa juu ya mwenye lori peke yake. Lakini mara nyingi hapimi yeye. Wapakiaji hujaza kwa sepetu na koleo, na msimamizi wa machimbo hukisia kwa macho. Gari likifika mizani ya Pongwe, karibu na Tanga, ndipo ukweli unapojulikana. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini Machi 2019, haimruhusu hata mwenye gari la ekseli saba kuzidisha tani 56 za gari na mzigo wake. Ni sheria njema inayolinda barabara zetu. Lakini aliyejaza na aliyeamrisha kujazwa wamebaki Makanya, na anayelipa ni aliyeshika usukani. Zaidi ya hayo, lori likichelewa siku moja njiani mwenyewe hutozwa, ila likilala siku nne katika foleni ya kushusha halipwi kitu.

Tano, mwenye lori alizuiwa kumbebea mteja yule mzigo wowote kwa miaka miwili bila ya kupitia kwa dalali, na ugomvi wowote ungepelekwa Dar es Salaam tu. Watani wa Wapare husema kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Utani huo unachekesha, lakini huyu wa kwetu hakuwa na ng'ombe wa kuuza, na nauli, malazi na wakili wa Dar es Salaam vingeila ile fedha anayoidai kabla hajaipata.

HESABU NDOGO

Tufanye hesabu ya mfano, tarakimu zake zikiwa ni za kufahamishia tu. Tuseme kiwanda kinalipa sh. 60,000 kwa kila tani. Dalali wa kwanza, ambaye hana lori hata moja, anampa kazi dalali wa pili kwa sh. 50,000. Wa pili anampa mwenye lori kwa sh. 42,000. Lori limebeba tani 28. Kiwanda kimetoa sh. 1,680,000, na mwenye lori ameandikiwa sh. 1,176,000. Katikati zimebaki sh. 504,000, na hakuna aliyezitaja.

Mwenye lori ndiye anayenunua dizeli, matairi na turubai, ndiye anayemlipa dereva na utingo, na ndiye anayekatwa upungufu. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2019 kushika nafasi ya SUMATRA, lakini ujira wa kubeba mzigo umeachiwa mapatano. Na dizeli haingoji mapatano. Mwaka 2022 bei yake nchini ilivuka sh. 3,000 kwa lita, hata serikali ikatoa ruzuku ya sh. bilioni 100 kuanzia mwezi Juni ili kupunguza makali. Mwaka huo wapo waliobeba mizigo kwa bei iliyoandikwa kabla dizeli haijapanda, kwa sababu karatasi zao zilimruhusu dalali kubadili bei na hazikumruhusu mwenye lori.

JE, DINI IKO UPANDE WA NANI?

Sasa turudi kwenye swali. Ni kweli Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha mikataba itimizwe. Lakini Qur'ani haisomwi kwa aya moja na kuachwa nyingine. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 29, tumekatazwa kuliana mali kwa batili, na ikabaguliwa biashara inayofanyika kwa kuridhiana. Kuridhia hakuwezi kutengana na kujua. Mtu hawezi kuridhia asichokijua. Aliyetia sahihi karatasi ya lugha asiyoifahamu, huku lori lake limeegeshwa na benki inagonga mlango, amekubali kwa mkono tu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, haihusu swala wala hija. Inahusu kuandika deni. Tunafundishwa humo kwamba deni la muda liandikwe hadi muda wake maalumu, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atamke deni lililo juu yake bila kupunguza, na pawe na mashahidi. Ipime karatasi ya Same kwa aya hiyo. Muda maalumu haumo, shahidi hayumo, na mdaiwa badala ya kukiri deni ameandika namna ya kulipunguza.

Wanazuoni wa fiqhi nao, katika mlango wa ijara, wameshurutisha ujira ujulikane tangu mwanzo. Na kuhusu mali inayoharibika mikononi mwa aliyekodiwa, katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani na bara ya Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu iliyomo katika kitabu cha Minhaji ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana. Halipi ila akivuka mpaka au akizembea. Basi kumkata mtu kwa maji yaliyokauka ndani ya tangawizi ni kumtoza kwa kazi ya jua.

Liko jambo jingine linaloshabihiana mno na habari yetu. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kwenda kuilaki misafara kabla haijafika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu aliyetoka jangwani hajui bei ya soko, na yule anayemlaki anaijua. Elimu ya mmoja na ujinga wa mwingine ndiyo faida yenyewe. Imepokewa pia kwamba mwenye mali akifika sokoni na kugundua bei, ana hiari ya kuuvunja mwamala ule. Leo msafara ni lori, soko ni kiwanda, na lile sharti la kutouliza bei ni kumlaki mtu njiani kwa karatasi.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Dalali ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile la kuonyesha na kuongoza, ambalo ndilo lililotupa pia neno dalili. Dalali kwa asili ni mwonyeshaji. Humwonyesha mwenye mzigo lori, na humwonyesha mwenye lori mzigo, kisha hulipwa kwa kuonyesha kwake. Siku anapoanza kulipwa kwa kuficha amebaki na jina na kuiacha kazi.

SHERIA YA NCHI NAYO

Msomaji asidhani kwamba haya ni mawaidha ya msikitini tu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika kifungu cha 16, inazungumzia ushawishi usiofaa, yaani pale mmoja anapokuwa na uwezo wa kuyatawala matakwa ya mwenzake na akautumia kujipatia manufaa yasiyo ya haki. Mapatano ya namna hiyo yakionekana kuwa ya kinyonyaji, ni juu ya mwenye nguvu kuthibitisha kuwa hakumshawishi mwenzake isivyofaa. Kifungu cha 74 nacho kinasema kwamba hata kama mkataba umetaja kiasi cha adhabu, mahakama hutoa fidia ya kiasi cha haki, isiyozidi kile kilichotajwa. Hatusemi kwamba kila mwenye dhiki atashinda kesi, kwani mahakama hutazama ushahidi. Tunasema tu kwamba sahihi si mwisho wa maneno.

Sheria hiyohiyo ina sehemu nzima juu ya uwakala, na inamtaka wakala atoe hesabu kwa aliyemtuma. Hapa ndipo lilipo swali ambalo kila mwenye lori amuulize dalali kabla ya kushika kalamu: wewe ni nani katika kazi hii? Kama ni wakala wangu, nionyeshe hesabu, uchukue kamisheni yako tuliyokubaliana. Kama umenunua kazi hii na unaniuzia mimi, basi deni langu liko juu yako, na kutolipwa kwako na kiwanda si habari yangu. Lililo batili ni mtu kuwa mwenye mali siku ya faida na wakala siku ya hasara.

HATA MAREKANI

Dhuluma hii haina kabila wala nchi. Huko Marekani, ambako Waafrika Mashariki wengi, hasa ndugu zetu Wasomali wa Minnesota na Ohio, wanaendesha malori ya masafa marefu, ipo kanuni ya serikali yenye namba 371.3 inayomtaka dalali wa mizigo atunze kumbukumbu za kila safari na kumpa kila mhusika haki ya kuziona. Kanuni ni nzuri, lakini madalali wengi huweka katika mikataba yao sharti la mwenye lori kuiachilia haki hiyo. Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, bei za ubebaji zilipoporomoka, wenye malori wadogo waliegesha magari yao kwa wiki kadhaa mjini Washington, karibu na ikulu, wakidai waonyeshwe hesabu. Novemba 2024 mamlaka ya huko ilitoa pendekezo la kuifanya kutoa kumbukumbu hizo kuwa wajibu wa dalali. Nchi hiyo pia, tangu Oktoba 2013, humtaka dalali aweke dhamana ya dola 75,000, ili wasiolipwa wapate pa kudai.

Tumeitaja Marekani kwa sababu moja. Wao wana kanuni na bado wanahangaika, kwa kuwa haki iliyoandikwa huweza kufutwa na mkataba ulioandikwa na mwenye nguvu. Sisi ambao hatuna kanuni ya namna hiyo tunahitaji zaidi macho yetu wenyewe.

MNYORORO HAUKUISHA PALE

Imamu wa msikiti alimwita dalali yule, naye akaja baada ya swala ya Alasiri bila ya ubishi. Tulitarajia kumwona mtu aliyenona kwa mali za watu. Akaketi, akatoa mfukoni karatasi zake, nazo zilikuwa nne, za Kiingereza, na masharti yake yalikuwa yaleyale. Kumbe juu yake alikuwapo dalali mwingine mjini, naye hajamlipa kwa miezi miwili. Alichokifanya ni kuchukua dhuluma aliyofanyiwa, akabadili majina, akaipitisha chini.

Imamu akamgeukia mwenye lori. "Na dereva wako," alimuuliza, "mmeandikiana nini?" Mtu yule aliinama. Dereva wake alikuwa hajalipwa mwezi wa pili sasa. Hawakuandikiana kitu. Mafuta yakipungua hukatwa, faini ya trafiki hukatwa, na akiumwa njiani hurudi kwa nauli yake. Ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa wake maelezo ya kazi kwa maandishi. Tukatambua kwamba aliyekuja kwetu akiwa amedhulumiwa alikuwa na wa kwake aliyemdhulumu, na huyo wa mwisho hakuwa na bahasha ya kumletea mtu, maana hana hata karatasi.

Hatusemi haya ili madeni yafutane. Deni la kila mmoja linabaki palepale. Wala hatusahau kwamba wapo madereva wanaonyonya dizeli, na wenye malori wanaozidisha mzigo kwa makusudi ili wapate safari mbili katika moja kisha wakalaumu wapakiaji. Sura Al-Mutaffifin imewaonya wale wanaojipimia kikamilifu na kuwapunja wenzao. Onyo hilo linashuka mnyororo wote, kutoka ofisi ya mjini hadi kwenye usukani.

LA KUFANYA

Kwa wenye malori wa Same, na wa kwingineko walio katika hali hii, tunausia machache.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, basi hakuna udhuru wa kumsainisha mtu kwa lugha asiyoijua. Kamisheni ya dalali itajwe kwa tarakimu, na kazi isipitishwe kwa dalali mwingine bila ya mwenye lori kuarifiwa. Tarehe ya malipo iandikwe, ihesabiwe tangu hati ya kupokelea mzigo ilipokabidhiwa.

Uzito uandikwe mahali pa kupakilia na pande zote mbili zitie sahihi, na kiwekwe kiasi cha kupungua kwa kukauka ambacho hakikatwi. Aliyezidisha mzigo ndiye abebe faini ya mizani. Siku za kungoja kushusha zilipwe kama zinavyotozwa siku za kuchelewa, na njia iliyokatika kwa mvua isihesabiwe kuwa kosa la mtu. Kuhusu dizeli, EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hicho ni kipimo ambacho hakikutungwa na dalali wala na mwenye lori. Yaandikwe kwamba dizeli ikipanda au ikishuka kupita kiasi fulani, ujira nao utafuata.

Ugomvi usikizwe Same, kwanza mbele ya wazee wanaoaminiwa na pande zote, kisha mahakamani ikishindikana. Na wenye lori mojamoja wasiende kwa dalali mmojammoja. Viko vyama vya wamiliki wa malori, kikiwamo TAMSTOA cha wenye malori wadogo na wa kati. Mtu mmoja akikataa sharti huambiwa aondoke. Thelathini wakilikataa kwa pamoja, sharti lenyewe ndilo huondoka.

Watu wa Upare wana kumbukumbu ya jambo hilo. Mwaka 1945 maelfu yao walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same mbele ya boma la mkoloni kuipinga kodi ya mbiru. Lililowachoma ni kukadiriwa mali zao kwa kipimo wasichokielewa wala kushauriwa. Kodi ile iliondolewa. Wajukuu wao hawahitaji kulala nje ya boma lolote. Wanahitaji tu kuuliza kabla ya kusaini, na kuuliza pamoja.

Ama yule mwenye bahasha, jibu tulilompa ni hili. Dini haiko upande wa dalali wala upande wa mwenye lori. Iko upande wa anayedai haki yake, kwa sharti kwamba naye aitoe ya mwenzake. Jioni ile, mbele ya imamu na mashahidi wawili, dalali alikiri deni la safari zote tano na kuandika tarehe za kulipa, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Alitoa papo hapo ujira wa safari moja. Mwenye lori alizihesabu noti zile, akatenga sehemu, akampigia simu dereva wake aje msikitini. Matairi yalibaki kungoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie riziki za halali na atuepushe na kula jasho la watu. Wabillahi tawfiq.